Aliyeniharibu bweni kashakufa, lakini shule ipo na ada inapokea. Nimdai nani?

Kitanda_cha_Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku. Huu uzi nauandika na kuufuta kwenye simu wiki ya pili sasa, leo naupost hivyo hivyo hata kama haujakaa vizuri.

Mimi ni mwanaume, miaka 41, nina mke na watoto watatu. Mwaka 1997 nikiwa form two, shule flani ya bweni (siitaji, mkoa pia siutaji, msinilazimishe), patron wetu alikuwa anatuita usiku chumbani kwake mmoja mmoja, eti kukagua madaftari. Sielezi zaidi ya hapo, mwenye kuelewa kaelewa. Ilienda karibu mwaka mzima. Baadaye mzazi wa dogo mmoja akaja juu, ikawa kelele siku mbili, headmaster akatusimamisha paredi akasema mwanafunzi atakayesambaza uzushi wa kuchafua jina la shule atarudi kwao na godoro lake kichwani. Patron hakufukuzwa. Alihamishwa. Shule ya bweni vile vile, ya wavulana vile vile.

Sasa kijana wangu wa kwanza kachaguliwa bweni form one. Nikaenda Kariakoo kumnunulia tranka na ndoo, nimeshika lile tranka tu pumzi zikakata, nikakaa kwenye kibaraza cha duka la watu, muuzaji kanipa maji ya kunywa akidhani sukari imeshuka. Usiku ule ndo nikamwambia mke wangu. Miaka 27, mtu wa kwanza kumwambia.

Yule patron alishakufa, nasikia kwenye msiba wake ilisomwa risala ya utumishi uliotukuka. Kwa hiyo sina wa kumfunga. Lakini shule haijafa, bodi ipo, wamejenga na ukumbi mpya, na waliomhamisha walijua wanahamisha nini. Je kuna namna mtu kama mimi anadai? Na nadai nini hasa, hela? Maana hata mimi sijui nataka nini, najua tu kwamba kuna kitu nadai.

Babu wa Tabata

Pole sana kijana wangu. Ila wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Una familia, una kazi, ukifukua haya jina litakalochafuka ni lako. Mtaani hawatasema yule alifanyiwa unyama, watasema yule siyo mwanaume. Mwachie Mungu.

Kitanda_cha_Juu

Shikamoo mzee wangu. Najua unasema kwa nia njema. Ila hayajapita mzee, ndo shida yenyewe. Yangekuwa yamepita nisingekaa chini Kariakoo mchana kweupe kwa ajili ya tranka.

Lofa Mstaafu

Form two mzima unaitwa usiku na unaenda? 😂 Mbona sisi tulikuwa tunatoroka kwenda disko

Mama Tuma

Wewe Lofa una watoto? Mtoto wa miaka 14, baba yake yuko mikoa mitatu mbali, mwenye fimbo ni patron, mwenye ruhusa ya kwenda zahanati ni patron, mwenye kuandika jina lako kwenye kitabu cha nidhamu ni patron. Ukikataa unachapwa mbele za watu kwa kosa la kubuni. Unaenda tu. Mods mfuteni huyu.

Kaka Kitanda pole, na mkeo mpe pongezi kwa kukusikiliza. Kaa na sisi.

NakuruMbali

Niaje wakuu, mimi wa huku Kenya, Nimefanya kazi ofisi za mawakili miaka kadhaa japo mimi mwenyewe si wakili, so chukueni kama maongezi ya kijiweni yenye akili kidogo.

Hiyo maneno ya kuhamishwa imenigusa sababu huku kwetu ndo ilizaa kesi kubwa sana, wengi hawaijui. Inaitwa kesi ya W.J., ni herufi tu, jina la mtoto hufichwa. Mwaka 2010 wasichana wawili wa shule ya msingi hapa Nakuru walinajisiwa na mwalimu wao. Kesi yao haikuishia kwa polisi na mwalimu peke yake, walipeleka ombi la kikatiba Mahakama Kuu Nairobi wakimdai mwalimu, wakaidai TSC yenyewe, yaani tume ya walimu, iliyomwajiri (yetu ya Kenya, nyie mna yenu ya jina hilo hilo), na serikali juu yake. Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua wote wanabeba. TSC ilijitetea kwamba mwalimu alifanya mambo yake binafsi, sisi hatukumtuma, na isitoshe tulishatoa waraka mwaka 2010 wa kulinda wanafunzi. Jaji akawaambia kimsingi hivi: huwezi kutuma waraka halafu ukanawa mikono, na huwezi kuwa unamhamisha mtu wa namna hiyo kutoka shule hii kwenda ile, mwisho wa siku unamfuta kazi na kuona umemaliza. Mtoto mmoja akapewa shilingi milioni 2 za Kenya, mwingine milioni 3. TSC ikakata rufaa, 2020 Mahakama ya Rufaa ikaitupilia mbali.

Sasa mkuu Kitanda shika hapa. Mnyama akifa hiyo jinai imekufa naye, maiti haishtakiwi. Lakini kosa la mwajiri la kujua na kunyamaza ni kosa lake mwenyewe, hakuliazima kwa patron. Na kwenye madai huhitaji ule ushahidi wa kutoacha shaka yoyote kama wa kumfunga mtu, mizani inapimwa tu upande gani una uwezekano zaidi.

Kitanda_cha_Juu

NakuruMbali asante, nimesoma mara tatu. Kwa hiyo naweza kufungua kesi?

NakuruMbali

Hapa ndo nakuvunja moyo, samahani. Madai ya namna hii, huku kwetu na huko kwenu, sheria ya ukomo inatoa miaka 3. Kwa mtoto inaanza kuhesabiwa akishafika utu uzima, yaani mpaka ufike 21 hivi mlango umefungwa. Wewe ulifungiwa mlango kitambo hata hujajua kama kuna mlango. Jinai kubwa kama hizo hazina ukomo, ila mshtakiwa wako yuko kaburini. Kwetu njia ya katiba haina idadi ya miaka iliyoandikwa, lakini mahakama itakuuliza ulikuwa wapi siku zote. Kwenu sijui wakili atachonga njia gani, muone hata mmoja wa msaada wa kisheria kabla hujakata tamaa, usinichukue mimi kama msahafu.

Chaki Nyeupe

Kwanza pole. Pili mimi ni mwalimu, mwaka wa 19 kazini, na nataka msitupake tope wote, kuna walimu tumelala mabwenini na watoto wa watu wakiwa na malaria tunawafuta jasho.

Lakini nikisema ukweli wangu, hiyo habari ya kuhamisha naijua. Inavyokuwaga ni hivi: mkuu wa shule hataki kesi kipindi chake, mzazi anaitwa ofisini, kuna mzee wa kanisa au wa msikiti yupo, kuna mwenyekiti wa kijiji yupo, inaongelewa pembeni, mzazi anapewa laki mbili tatu za matibabu na mbuzi, karatasi inasainiwa kwamba yamekwisha. Mwalimu anaomba uhamisho kwa sababu za kifamilia. Faili lake linaenda safi kama sahani ya harusi. Kule anakokwenda mkuu mpya anampokea kwa furaha kwa sababu ana upungufu wa walimu, tena wa sayansi. Nimeliona hili mara moja kwa macho yangu na sikusema kitu, nilikuwa mpya kazini. Leo ndo nasema, kwenye mtandao, kwa jina la chaki.

Mama Tuma

Ticha asante kwa ukweli, lakini umeniumiza. Hiyo laki tatu na mbuzi vinaenda kwa baba, mtoto anabaki na nini? Anaona ameuzwa.

NesiZamu

Mama Tuma umepiga penyewe. Mimi nipo hospitali ya wilaya, hawa watoto napokea. Kwa Bongo sheria ya makosa ya kujamiiana, ile ya 1998, iliingiza kwenye kanuni ya adhabu kwamba mbakaji anakula kuanzia miaka 30 mpaka maisha NA mahakama iamuru amlipe aliyemfanyia. Fidia imo kwenye kifungu kile kile cha kifungo. Sasa niambieni, mtu aliyefungwa miaka 30 atalipa na nini, ana kibanda cha udongo na baiskeli. Hukumu inasomwa, watu wanapiga vigelegele, mtoto anarudi nyumbani na mama yake kwa bodaboda ya mkopo. Kesi imeshinda, mtoto hajapata hata nauli.

Na watoto wa kiume ndo kabisa, ubakaji kwa sheria yetu ni wa mwanamke tu, wavulana wanaingia kifungu cha kulawitiwa, na likitajwa neno lenyewe familia inakimbia. Utafiti wa taifa wa ukatili kwa watoto uliofanyika 2009 ukatoka 2011, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mmoja kati ya saba. Hesabu darasa la Kitanda lilikuwa na wangapi.

Kwa mwenye mtoto limemkuta SASA HIVI: usimwogeshe, usifue nguo, mkimbize hospitali kabla ya saa 72 maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zikianza baada ya hapo hazina kazi, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) inachukuliwa polisi dawati la jinsia na watoto. Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, daktari na polisi na mshauri wako sehemu moja mtoto hasimulii mara sita. Namba 116 ni bure, Bongo na Kenya pia. Ila mtu mzima wa miaka 41 akija kwangu akisema nilifanyiwa 1997, aisee fomu yangu haina hata kisanduku chake. Nampeleka kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa, na ningekuomba kaka uende kweli, siyo wendawazimu huo, ni kidonda.

Mbondei wa Perth

Wakuu niongezee la huku Australia, maana hawa jamaa walifika pale Kitanda anapouliza: nani analipa kama mnyama kafa na miaka imepita.

Walifanya tume ya kifalme, yaani tume kubwa ya serikali ya kuchunguza ukatili wa kingono kwa watoto kwenye taasisi, kuanzia 2013 mpaka Desemba 2017, ikapita kwenye makanisa, shule, nyumba za yatima, skauti, kila mahali. Watu zaidi ya 8,000 walikaa na makamishna chumba cha faragha wakasimulia. Na tume ikakuta kwamba mtu kwa wastani anachukua karibu miaka 24 mpaka amwambie mtu wa kwanza. Kitanda wewe umechukua 27, kwa hiyo hukuchelewa, umekuja kwa ratiba ya kawaida kabisa. Ndo maana ukomo wa miaka mitatu ni kichekesho, majimbo yote huku yameufuta kwa kesi hizi.

Halafu Julai 2018 ukaanza mpango wa taifa wa fidia, maombi mpaka Juni 2027. Huendi mahakamani, unajaza fomu, na kipimo chao ni kama kuna uwezekano wa kuridhisha kwamba ilitokea, chini hata ya kile cha madai alichosema jamaa wa Nakuru. Unayemdai ni TAASISI. Hela ni mpaka dola 150,000 za huku, zaidi ya milioni 200 za kibongo. Tume ilipendekeza 200,000, serikali ikakata. Ukipokea unasaini kwamba hutaishtaki tena hiyo taasisi, hapo wengi wananung'unika, na kama kanisa lilikupa kitu zamani wanakikata. Fomu yenyewe ndefu mno, kuna wazee weusi wa huku (wenyeji wa asili) waliochukuliwa wadogo kwa wazazi wao hawakufundishwa kusoma vizuri na hao hao wanaowadai.

Lakini mpango una vitu vitatu, hela ni kimoja tu. Cha pili ushauri nasaha unaolipiwa. Cha tatu ndo nilitaka Kitanda usikie: unaweza kuitaka taasisi ije ikukabili, kiongozi wake mkubwa akae mbele yako akusikilize na akuombe radhi kwa mdomo wake. Nafanya kazi nyumba ya wazee, kuna mzee nilikuwa namwogesha, miaka 78, alilelewa kwenye nyumba ya watoto ya kanisa. Hela zake kagawia wajukuu siku hiyo hiyo. Alichokuwa ananionyesha kila asubuhi ni barua ya yule mkuu wa kanisa na picha yake ya darasa aliyoidai irudishwe, hakuwahi kuwa na picha yake ya utotoni hata moja. Alikuwa anasema tazama, nilikuwa mdogo hivi.

Kitanda_cha_Juu

Mbondei hiyo ya picha imenimaliza. Nimetoka nje kidogo nikarudi.

Ngariba wa Hoja

Mimi nauliza tu, hela kwa jambo kama hili si ndo kujiuza? Utu haulipwi.

Mbondei wa Perth

Mkuu ukigongwa na basi mguu ukakatika kampuni ikakulipa, umeuza mguu?

NakuruMbali

😂😂 Perth wewe. Ila Ngariba ana kapointi kadogo, hela inaweza kugeuzwa kuwa ya kununua kimya. Ireland walianza mapema, waziri mkuu wao akaomba radhi 1999, 2002 wakaunda bodi ya fidia kwa waliolelewa kwenye shule za mashirika ya kitawa, watu zaidi ya 15,000 wakapewa, wastani kama euro 62,000. Lakini sheria yenyewe ikasema ukipokea ni kosa kutangaza habari za ombi lako kwa namna ya kuonyesha nani alifanya. Mtu amenyamazishwa utotoni, anazeeka ananyamazishwa tena na karatasi ya serikali. Na mashirika yale yalichangia euro milioni 128 tu kwa makubaliano ya 2002, bili nzima ikapita bilioni moja na walipa kodi wakabeba.

Huku kwetu mwaka 2021 kuna Mmarekani aliyekuwa na nyumba ya watoto Bomet alifungwa kwao Pennsylvania miaka 15 na miezi 8, wasichana angalau wanne. Unajua mahakama iliamuru alipe ngapi? Dola 16,000. Linganisha na W.J. halafu uniambie kama hela haisemi kitu juu ya mtoto wa nani anathaminiwa wapi.

Msambaa Mtulivu

Nimekuwa nasoma tu toka jana. Mimi kwetu Lushoto. Pale Soni zamani za mkoloni mpaka baada ya uhuru kulikuwa na shule ya bweni ya mapadre Warosmini, watoto wengi wa kizungu. Sie wa huko milimani tulijua tu kwamba ilikuwa shule ya wenye nacho. Mwaka 2011 ndo ikaja kusikika duniani, BBC ikarusha, wazee 22 waliosoma kwa mapadre hao, pale Soni na shule yao nyingine Uingereza, walilishtaki shirika kule Uingereza kwa waliyofanyiwa miaka ya 50 na 60. Nusu karne imepita! Na mmoja wa mapadre hao alikuwa na nishani ya malkia, akairudisha kabla hajafa.

Nilichojifunza mimi ni hiyo namba. Ishirini na mbili. Kila mmoja alikaa na lake miaka hamsini akidhani yuko peke yake, walipotafutana ndo ikawa kesi. Kitanda, mtu mmoja akiandika barua bodi ya shule wanasema kichaa au mtaka hela. Wakiandika watano waliolala bweni moja mwaka mmoja, na mmoja ni hakimu na mwingine ni padre, bodi inaita kikao. Hata kama sheria ya ukomo inawalinda mahakamani haiwalindi kwa wazazi wanaopeleka watoto Januari.

Chaki Nyeupe

Msambaa umeongea. Na kitu kimoja cha kiofisi: shule zina rejesta ya wanafunzi na kitabu cha kumbukumbu cha shule, tena hivyo havitakiwi kutupwa. Patron alifika lini, aliondoka lini, nani alikuwa bweni gani, mara nyingi viko stoo vinaliwa na mchwa. Barua ianze kwa kuomba hivyo, kwa adabu, na nakala ubaki nayo yenye mhuri wa kupokelewa. Usianze na kuomba hela, watakuziba mdomo na laki tatu na mbuzi.

Kitanda_cha_Juu

Wakuu nimewasoma wote. Kuhusu nataka nini, nadhani sasa najua kidogo. Nataka wakubali kwa maandishi kwamba alikuwepo, tulisema, wakamhamisha. Nataka watafute na ile shule aliyohamishiwa, maana kule nako kuna watu wana miaka 40 na kitu wanakata pumzi wakiona tranka. Nataka walipe mtu wa kuongea na sisi, siyo mimi tu. Na kijana wangu haendi bweni, nimemtafutia ya kutwa, mama yake analalamika ada ila kakubali.

Babu wa Tabata sijakasirika na wewe.

Babu wa Tabata

Marahaba mwanangu, ile shikamoo yako sikuitikia. Nimeusoma uzi wote, mjukuu ndo alinisomea maana macho. Kuna kaka yangu, marehemu, alirudi kutoka shule ya misheni mwaka 1961 hakutaka kurudi tena, baba alimchapa sana kwa kukataa shule. Sasa nawaza. Sikuwahi kumuuliza.

NesiZamu

Babu 😢

Kidato97

Nimejiunga leo, sijui hata kama napost sehemu sahihi. Kitanda_cha_Juu nina swali moja tu. Huyo patron alikuwa na baiskeli nyeusi, Phoenix, anaiingiza ndani usiku?

Kitanda_cha_Juu

Ndiyo. Kengele yake ilikuwa mbovu, ilikuwa inalia yenyewe akipita kwenye kokoto.

Nimekuandikia inbox. Fungua.